Nimeombwa Labrador wangu apandishwe na Poodle tuuze watoto chotara, roho inasita

Mama Neema Kigamboni

Habari zenu wakuu, naomba mawazo yenu kwa hili maana nimelala nalo siku tatu. Nina mbwa jike Labrador anaitwa Bahati, katimiza miaka miwili mwezi huu, nilipewa na familia moja waliokuwa wanahama. Sasa kuna jamaa mtaa wa pili ana dume la Poodle, yule mkubwa sio vile vidogo vya kubeba kwapani, kaniletea dili kwamba Bahati akiingia kwenye joto tumpandishe, watoto wakitoka ni Labradoodle, tunagawana nusu kwa nusu. Anasema kila mtoto anaenda milioni moja na nusu huko Masaki na Mbezi Beach, oda tatu anazo tayari kwenye simu kanionyesha na meseji. Hela naihitaji sitawaficha, Januari kuna ada ya Neema.

Ila kuna vitu vinanikaba. Kwanza Bahati mwenyewe akikimbia au akipanda ngazi anarusha miguu ya nyuma yote miwili kwa pamoja kama sungura, na asubuhi akiamka anakaa kidogo kabla hajanyanyua kiuno. Nimemwambia jamaa, akasema ni unene tu, tena chotara hawaumwi kama mbegu safi na hawaleti aleji ndo maana wazungu wanawagombania. Pili mbwa wenyewe hapa mtaani wamejaa wanakula jalalani, sisi tunakaa tunapanga kutengeneza wengine kwa oda kama viatu. Hivi hii ni haki kweli au nawaza sana?

Kijana wa Tengeru

Mama Neema mimi nafuga mbwa na kuuza mwaka wa nane huu, nakwambia kwa moyo mweupe usijihukumu. Mbegu zote unazoziona zimechanganywa na binadamu, German Shepherd anayelinda mageti ya Dar nzima ni Mjerumani mmoja alikaa akachagua mbwa wa wachungaji akaanzisha mbegu mwaka 1899, kabla ya hapo hakukuwa na jina hilo. Ng'ombe chotara tunakamua, mbuzi chotara tunafuga, hakuna anayesema dhambi. Na hao mbegu safi ndo wana balaa zaidi, Bulldog hapumui vizuri, Cavalier, kale kambwa kadogo ka masikio marefu, moyo unamsumbua mapema, mpaka Norway kesi imefika mahakama ya juu kabisa na 2023 Cavalier akapigwa marufuku kuzalishwa kule. Sasa kosa la kuchanganya liko wapi? Cha msingi mtunze mama vizuri, watoto wasitoke kabla ya wiki nane, chanjo wapate, basi.

mifugo_Moro

Mimi ni afisa mifugo, ng'ombe na mbuzi ndo wengi ila mbwa naletewa kila wiki. Mama Neema hapo kwenye kuruka kama sungura nimesoma mara mbili. Hiyo mara nyingi ni nyonga, kichwa cha mfupa wa paja hakikai sawasawa kwenye kikombe chake, na Labrador ni mmoja wa mbegu zinazosumbuliwa sana na tatizo hilo. Linarithiwa. Sijamuona Bahati siwezi kuapa, ila huyo ni wa kupigwa eksirei ya nyonga kwanza kabla hata ya kuongea habari ya dume, na unene unaongeza maumivu lakini sio unene peke yake unaoleta ugonjwa wenyewe.

Ndugu yangu wa Tengeru, nakubaliana na wewe kwamba kuchanganya peke yake sio dhambi, tena damu ikiwa ya ndugu kwa ndugu muda mrefu kuchanganya ni tiba. Ila hiyo habari ya chotara haumwi inafanya kazi pale ugonjwa uko upande mmoja tu. Labrador na Poodle mkubwa wote wawili wana shida ya nyonga, na wote wawili wana ugonjwa mmoja wa macho wa kurithi unaitwa PRA, retina inakufa polepole, mbwa anaanza kugongagonga vitu usiku halafu anapofuka kabisa. Mama akibeba na baba akibeba, wao wenyewe wanaona vizuri hawaonyeshi chochote, lakini kila mtoto anayezaliwa ana nafasi moja kati ya nne ya kuwa kipofu. Kipimo chake ni mate tu, unapangusa shavuni kwa ndani unatuma maabara nje, sasa muulize huyo jamaa dume lake kalipima lini.

Chuo cha mifugo cha London, Royal Veterinary College, walitoa utafiti 2024, waliangalia Cockapoo (Cocker Spaniel na Poodle), Labradoodle na Cavapoo (Cavalier na Poodle) pamoja na mbegu za wazazi wao, mbwa zaidi ya 9,000. Kwenye magonjwa mengi hawakuona tofauti. Hawakuwa wazima zaidi, na wala hawakuwa wagonjwa zaidi. Kwahiyo anayeuza kwa maneno ya "hawa hawaumwi" anauza kitu ambacho hana.

Halafu kitu kingine, nyie mliolima mahindi ya chotara mnajua, ukivuna ukarudisha mbegu zile zile shambani msimu wa pili unapata huyu mrefu huyu mfupi huyu kibunzi. Wateja wa huyo jamaa wakija kupandishana wao kwa wao itakuwa hivyo hivyo, mmoja manyoya ya Poodle, mwingine anapukutisha kama Labrador, na yule aliyetoka tofauti na picha anaishia wapi?

Bi Saada wa Leicester

Salaam wanangu. Mimi nipo Uingereza miaka kumi na minne, hiyo Labradoodle tulimnunua kwa sababu mwanangu ana pumu na tuliambiwa hawa hawaleti aleji. Wiki ya pili macho ya mtoto yamevimba hafungui. Nimelia mimi, kwa mbwa na kwa mtoto, maana keshampenda analala naye. Baadaye ndio najua kwamba Waholanzi walipima hawa mbwa wanaosemwa hawaleti aleji, 2012, na kile kinacholeta aleji kilikuwemo kwenye manyoya yao wala sio kidogo kuliko mbwa wengine.

Na yule aliyewapa umaarufu Labradoodle mwenyewe alishasema anajuta. Ni Muaustralia anaitwa Wally Conron, alikuwa kwenye chama cha mbwa wa kuongoza vipofu, aliletewa ombi la mama mmoja kipofu wa Hawaii ambaye mumewe ana aleji. Akajaribu Poodle wengi hakuna aliyefaa kazi hiyo, ndio mwaka 1989 akachanganya na Labrador, wakazaliwa watatu, akatuma mate na manyoya Hawaii, mmoja tu ndiye yule mume hakumdhuru. Mmoja kati ya watatu! Uzao uliofuata walikuwa kumi, waliofaa watatu. Sasa wale waliobaki hakuna aliyewataka, watu walikuwa kwenye foleni ya kusubiri mbwa ila wakiambiwa huyu mchanganyiko wanasema hapana, mpaka wakaitwa kwa hilo jina la Labradoodle, basi simu hazikukatika. Mbwa ni wale wale wanangu, jina tu. 2019 akiwa mzee kabisa akasema hilo ndilo jambo analolijutia maishani, kwamba amefungulia njia watu wanaochanganya chochote na chochote ili wauze.

Mama Neema hizo oda za kwenye simu ndizo zinanitia hofu kuliko hata nyonga. Hapa England toka Aprili 2020 dalali haruhusiwi kuuza mtoto wa mbwa aliye chini ya miezi sita, mnunuzi anatakiwa amkute mtoto na mama yake pale alipozaliwa. Wateja wako wanamjua Bahati? Wameshaona anavyopanda ngazi?

kinyozi wa mbwa DSM

Naongezea kidogo maana kazi yangu ni kunyoa na kuosha. Hakuna anayewaambia wanunuzi habari ya manyoya. Labrador nywele zake fupi zinajipukutisha, Poodle hazipukutiki zinakua tu kama za binadamu, chotara akichukua katikati ile laini iliyokufa haianguki chini, inabaki ndani inasokotana na zilizo hai. Kwa joto la Dar na chumvi ya baharini wiki mbili bila kuchana zimeshafungana. Mwezi wa tano niliitwa sehemu, mbwa kaachiwa mlinzi, wenyewe wamesafiri. Chini ya kwapa nilishindwa kupitisha hata kidole, mashine ilikuwa inapita kati ya ngozi na hilo bonge, likatoka zima kama kipande cha mkeka, kwa ndani limelowa lina kupe waliojaa damu, ngozi yenyewe nyekundu inatoa maji. Yule mbwa alisimama tuli saa mbili nzima hakuning'ata, kila nikitoa kipande anageuka ananilamba mkono. Mlinzi hakuwa mtu mbaya, alipewa unga na dagaa akaambiwa amlishe, habari ya kuchana hakuambiwa na mtu.

Anayenunua kwa milioni na nusu kama hajapanga kumchana kila siku na kumnyoa kila baada ya wiki sita nane hivi, mimi ningemnyima hata akileta milioni tatu.

Kijana wa Tengeru

Kwa hiyo eksirei nakubali, nilikuwa sijaelewa uzito wa hiyo dalili, jike wa namna hiyo mimi pia nisingempandisha. Na kipimo cha mate sijawahi kufanya kwa mbwa wangu hata mmoja, nasema ukweli. @mifugo_Moro nitakutafuta pembeni nijue gharama na namna ya kutuma. Ila msimamo wangu ni kwamba anayepima, anayekubali kumrudisha mtoto nyumbani mteja akishindwa, huyo asiwekwe kapu moja na wahuni.

mifugo_Moro

Hapo kwenye kumrudisha mtoto umesema jambo. Wengi wetu mbwa akishatoka getini hatutaki hata simu. Njoo pembeni tuongee.

Mama Neema Kigamboni

Nawashukuru wote, Bi Saada Mungu amponye mwanao. Jana nilikwenda kwa jamaa na swali moja tu, mbwa akishindikana kwa mteja atarudi kwa nani, akanyamaza, halafu akasema "atajua mwenyewe aliyemnunua." Nimemwambia basi. Kanuna, ananiambia nimemharibia watu wake watatu.

Ada nitaangalia kwenye kikoba. Shida ni kwamba Bahati ameanza joto toka juzi na lile dume limeshajua, usiku linakuja kulia getini, nimemfungia chumba cha stoo na kitanda chake na Neema analala mlango wa pili anamsemesha ukutani. Nataka nimpeleke Jumatatu wamfunge kizazi yaishe, je inafaa?

mifugo_Moro

Usimpeleke sasa hivi mama Neema, akiwa kwenye joto mishipa ya kizazi imejaa damu, operesheni inakuwa ya hatari zaidi. Joto lipite, subiri kama miezi miwili mitatu. Kwa sasa mfungie wiki tatu kamili, usihesabu kwa damu kukoma maana damu ikipungua ndo anakubali dume. Akitoka kujisaidia awe kwenye kamba na wewe mwenyewe umeshika. Na siku ya kwenda wakimlaza usingizi waambie wapige na eksirei ya nyonga hapo hapo, mara moja tu asiteseke mara mbili.

Mama Neema Kigamboni

Sawa daktari. Wiki tatu nimeandika kwenye kalenda.