OpenWrt na seva ya picha nyumbani: ndani inafanya kazi, nikiwa kazini haifikiki

mtabata

Habari za jioni, wakuu. Naomba msaada katika jambo ambalo limeninyima usingizi kwa wiki mbili.

Ninaishi Tabata Segerea, na nyumbani tuna intaneti ya faiba ya megabiti 20 kwa sekunde. Kisanduku kilichofungwa na fundi wa kampuni kilikuwa na nenosiri la usimamizi ambalo mteja hapewi, kwa hiyo sikuweza hata kujua ni simu za nani zilizoungwa kwenye Wi-Fi yangu mwenyewe. Baada ya kuwasumbua sana kwa simu walikubali kukigeuza kiwe daraja tu, yaani kisigawe tena intaneti bali kiipitishe kama ilivyo, nami nikanunua Kariakoo ruta iliyokwisha kutumika, yenye flashi ya megabaiti 16 na RAM ya megabaiti 128, nikaiwekea OpenWrt, mfumo huria wa kuendeshea ruta. Hapo nilifadhaika kidogo, kwa sababu baada ya mfumo mpya kuingia Wi-Fi haikuonekana kabisa, nikadhani nimeshaiua ruta. Kumbe OpenWrt huanza Wi-Fi ikiwa imezimwa, mpaka uingie kwa waya kupitia 192.168.1.1 uiwashe mwenyewe.

Kwenye kompyuta ya mezani ya zamani nimeweka Linux pamoja na Immich, programu ya kuhifadhi picha, ili picha za familia zikae nyumbani badala ya kulipia hifadhi ya nje kila mwezi. Nikiwa sebuleni kila kitu kinakwenda vizuri. Nikifika ofisini Posta, hakuna kinachofunguka. Nimefungua poti 443 (mlango wa tovuti salama) kwenye ruta na kuielekeza kwenye kompyuta hiyo, nimerudia hatua zote mara tatu, na hali ni ileile. Anwani inayoonekana kwenye ruta upande wa nje inaanza na 100.83, lakini nikifungua tovuti ya kuonyesha anwani yangu ninaona nyingine kabisa.

Nina mengine mawili. Kijana wangu anapopakua magemu, mikutano ya video ya mama yake inakatikakatika ingawa kasi tunayolipia inatosha. Na ningependa kuzuia matangazo kwa nyumba nzima, ila sijui kama kazi hiyo niipe ruta au ile kompyuta.

fundi_wa_waya

Ndugu mtabata, umekwisha kujijibu bila kujua. Anwani zote kuanzia 100.64.0.0 hadi 100.127.255.255 zilitengwa mwaka 2012, katika waraka wa RFC 6598, zitumiwe na watoa huduma ndani ya mitandao yao tu. Maana yake ni kwamba kampuni yako imewaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya nje, kama wapangaji wa nyumba moja wanaotumia geti moja. Mtu wa nje akigonga geti hilo kwenye poti 443, mlinzi hajui ampeleke chumba gani, kwa hiyo anamrudisha. Ungerudia hatua zako hata mara mia, ombi la kutoka Posta lisingefika kwenye ruta yako, kwa kuwa linakwama kwenye mtambo wa kampuni.

Usiwalaumu kupita kiasi. Anwani za IPv4, yaani mfumo wa zamani wa anwani za intaneti, ni takriban bilioni 4.3 kwa dunia nzima, na AFRINIC, inayogawa anwani kwa bara letu, iko katika awamu ya mwisho ya akiba yake tangu Januari 2020.

Una njia tatu. Ya kwanza ni kuomba anwani ya kudumu, ambayo mara nyingi huuzwa kwa wateja wa biashara. Ya pili ni IPv6, mfumo mpya wenye anwani nyingi zaidi: tazama kwenye ruta kama kampuni inakupa anwani inayoanza na 2, na kama ipo, nyumba yako tayari ina mlango wake yenyewe, ilimradi na mtandao wa ofisini uwe na IPv6, jambo ambalo si la kutegemea. Ya tatu ndiyo ninayoitumia mimi: nimekodi seva ndogo nje yenye anwani ya umma, na ruta ya nyumbani ndiyo inayoipigia seva hiyo kwa WireGuard, programu ya VPN inayotengeneza njia ya siri kati ya vifaa. Kwa kuwa safari inaanzia ndani kwenda nje, mtambo wa kampuni hauna sababu ya kuizuia. Simu yangu nayo inaunganishwa na seva hiyohiyo, kisha vinakutana huko.

Jambo moja litakusumbua usipolijua. WireGuard haisemi kitu kama haina cha kutuma, na mtambo wa kampuni ukiona kimya kwa muda unafuta kumbukumbu ya safari yako. Utakuta asubuhi njia inafanya kazi na mchana imekufa. Kwenye mipangilio ya ruta ya nyumbani, pale penye PersistentKeepalive, andika 25, ili kila baada ya sekunde 25 itume pakiti tupu ya kuuweka mlango wazi. Kisha andika amri ya wg show na uangalie mstari wa latest handshake. Ukionyesha muda usiozidi dakika mbili tatu, mko pamoja.

Kabla hujaanza, kumbuka kwamba Oktoba 2023 TCRA, mamlaka ya mawasiliano nchini, ilitoa tangazo likiwataka wanaotumia VPN kuwasilisha taarifa zao ifikapo tarehe 30 ya mwezi huo. Njia ya kurudi nyumbani kwako mwenyewe si sawa na kujificha mtandaoni, lakini teknolojia ni ileile, na mimi nisingependa mtu aje kuniuliza baadaye nikiwa sina jibu. Waulize wenyewe utaratibu ulivyo sasa.

mama_seva

Nakubaliana na fundi, na ninaongeza kwamba hiyo poti 443 uifunge leo hii. Ilikuwa bahati yako kwamba haikufikika. Mimi niliwahi kupewa anwani ya umma, nikafungua poti 22 ili niingie kwenye seva nikiwa safarini Dodoma, na nilipofungua kumbukumbu za seva siku ya pili nilikuta mamia ya majaribio ya kuingia kwa jina la root, admin na hata pi, kutoka anwani ambazo sijapata kuziona. Hakuna aliyenilenga mimi. Ni programu zinazozunguka zikigonga kila mlango. Ukipita kwa WireGuard, anayegonga bila ufunguo sahihi hajibiwi chochote, hata hajui kama kuna mtu ndani.

Kuhusu matangazo, ninakushauri kazi hiyo uiache kwenye ruta, na sababu yangu ni ya kifamilia kuliko ya kiufundi. Nilianza na Pi-hole, programu ya kuzuia matangazo, kwenye Raspberry Pi, kompyuta ndogo sana iliyokuwa juu ya kabati. Ilifanya kazi vizuri mpaka umeme ulipokatika na kurudi mara nne katika jioni moja, kadi yake ya kumbukumbu ikaharibika, na kwa kuwa vifaa vyote vya nyumbani vilikuwa vinaiuliza yeye majina ya tovuti, nyumba nzima ikakosa intaneti ingawa laini ilikuwa nzima. Mimi nilikuwa kazini. Mama mkwe alikuwa katikati ya mahubiri ya mtandaoni. Niliyoyasikia kwenye simu siyaandiki hapa.

Wengine watakwambia uweke DNS (seva inayojibu majina ya tovuti) ya pili ya umma kama akiba. Haifanyi kazi hivyo, kwa sababu simu haisubiri ya kwanza ife ndipo iulize ya pili. Inaweza kuuliza yoyote wakati wowote, na matangazo yanarudi nusu nusu mpaka unadhani umekosea orodha. Kwenye OpenWrt kuna kifurushi kinachoitwa adblock ambacho kinatumia dnsmasq, programu ya DNS iliyomo tayari, na kwa RAM ya megabaiti 128 chagua orodha ndogo moja au mbili tu, kwani orodha kubwa itamaliza kumbukumbu na ruta itaanza kujizima na kujiwasha. Usitarajie pia kwamba itaondoa matangazo ya YouTube, kwani hayo yanatoka kwenye majina yaleyale yanayoleta video yenyewe. Simu ya Android iliyowekewa Private DNS nayo itaipita ruta bila hata kuiuliza.

Kwa upande wa umeme, nilinunua kifaa kidogo chenye betri cha kutoa volti 12, kinachobeba kisanduku cha faiba na ruta kwa pamoja. Hakikisha umesoma volti na ampea zilizoandikwa chini ya kila kifaa kabla hujachomeka, kwa sababu pini zinafanana na volti hazifanani.

Pengine mtu atauliza kama usumbufu huu una faida. Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika na intaneti ya nchi nzima ikawa ya kusuasua, simu zetu ziliendelea kuhifadhi picha kwenye seva iliyo chumba cha pili, na watoto walitazama katuni zao kwenye Jellyfin, programu ya kutazama video za seva ya nyumbani, kama kawaida. Majirani walikuja kuuliza tunatumia kampuni gani.

mzee_wa_luku

Dada hapo juu amesema vizuri, ila hakuna aliyeigusa hiyo kompyuta ya mezani, nami ndiyo inayonitia wasiwasi. Yangu ya aina hiyo nilipoipima ilikuwa inakula takriban wati 60 hata ikiwa haifanyi kazi yoyote. Piga hesabu: wati 60 kwa saa 720 za mwezi ni uniti 43.2. Kwa sisi tulio kwenye daraja la wateja wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, kompyuta hiyo peke yake inakula zaidi ya nusu, na friji ikiongezeka utahamishwa daraja bila kuagwa. Tafuta kompyuta ndogo ya ofisini, zile nyembamba zinazofungwa nyuma ya skrini. Niliyonayo sasa inakula wati 10, yaani uniti 7.2, na Immich inakwenda vizuri isipokuwa siku ya kwanza ilipokuwa inatambua sura za watu, ambapo ilichemka usiku kucha.

Kuhusu mikutano ya mama watoto, kasi yenu inatosha. Kinachotokea ni kwamba gemu linapopakuliwa, pakiti zinarundikana kwenye foleni ndefu, na sauti ya mkutano, ambayo ni kidogo sana, inakaa nyuma ya mzigo huo kama bajaji nyuma ya malori ya Bandari pale Tazara. Weka kifurushi cha luci-app-sqm (SQM) kinachopanga foleni hiyo, chagua njia iitwayo CAKE, kisha andika kasi iliyo pungufu kidogo ya ile unayolipia: kwa megabiti 20, anza na kilobiti 18000. Lengo ni foleni iwe ndani ya ruta yako, ambayo inajua kugawa zamu, badala ya kuwa kwa kampuni ambayo haijui. Kwa kasi yenu hata ruta ya zamani itaimudu. Kwenye megabiti mia kadhaa ndipo prosesa ndogo zinapoanza kushindwa.

Kwa atakayesoma haya akiwa bado hajanunua: geuza ruta usome stika ya chini kabla ya kutoa fedha. Jina kubwa la juu ya boksi halitoshi, maana v1 na v3 za jina lilelile zinaweza kuwa na chipu tofauti kabisa ndani. Mwenzetu amepata bahati. Zenye flashi ya megabaiti 4 na RAM ya 32 bado zimejaa madukani, na OpenWrt iliacha kuzihudumia baada ya toleo la 19.07.

mtabata

Shikamoo mzee, na ahsanteni nyote. Ninarudi na majibu ya siku nne.

SQM niliiweka kwanza kwa kuwa ilikuwa rahisi. Nilimwambia kijana aanze kupakua gemu makusudi huku mama yake akiwa kwenye mkutano, na mama hakujua kama tunamjaribia. Alipomaliza aliuliza kama tumeongeza kifurushi. Sijamwambia bado.

Poti 443 nimeifunga. IPv6 haipo kwenye laini yangu, na anwani ya kudumu nilitajiwa bei ya kampuni, si ya mwalimu wa sekondari, kwa hiyo nimekodi seva ndogo kama alivyoshauri fundi. Nilikwama jioni nzima kwa sababu nilikuwa nimeweka ufunguo wa siri pale panapotakiwa ufunguo wa umma. Vyote ni herufi 44 zinazoishia na alama ya sawasawa, na macho yalikuwa yamechoka. Jana saa nne asubuhi, nikiwa Posta, nilifungua picha za mahafali ya binti yangu kutoka Tabata. Zinafunguka polepole kidogo, nadhani kwa sababu zinazunguka hadi kwenye seva ya nje kwanza.

Kompyuta ya wati 60 nimeiweka sokoni. Swali langu la mwisho ni kuhusu nakala ya akiba: nina diski ya nje ya terabaiti 1, je, niiache imechomekwa kwenye seva muda wote?

mama_seva

Hapana, kaka. Radi moja au mwizi mmoja atachukua vyote viwili. Inakili kila Jumapili, ichomoe, na uwe na ya pili kwa ndugu yako nje ya Tabata, muwe mnabadilishana mnapotembeleana. Na kabla hujafuta picha zozote kwenye simu, ichomeke hiyo diski kwenye kompyuta nyingine ujaribu kufungua folda moja. Usisahau pia kunakili hifadhidata ya Immich pamoja na picha, la sivyo utarudishiwa maelfu ya mafaili yasiyo na albamu wala majina. Mimi nilisahau, na albamu ya harusi bado ninaipanga kwa mkono mpaka leo.