Mrejesho: kichwa kuchezacheza nikipiga gofu

Wadau, nimerudi. Niliuliza nifanye nini na kichwa kinachohamia kulia nikivuta fimbo nyuma, kisha kinainuka nikishuka, nikaishia kuugonga mpira utosini. Asanteni sana mlionijibu, hasa aliyetaja ukuta na aliyetaja kivuli.

Ukuta ndio umenifaa zaidi. Nasimama mkao wa kupiga bila fimbo, mikono nimeikunja kifuani, paji la uso limebana mto mdogo ukutani, halafu nageuza mabega polepole. Mto ukiteleza, umejua kichwa kimehama. Hapo ndipo nilipoona chanzo: nyonga ya kulia ilikuwa inasukumwa pembeni badala ya kuzunguka, kichwa kikawa kinaifuata tu.

Kivuli pia ni kizuri. Jua likiwa mgongoni, weka mpira ndani ya kivuli cha kichwa, uangalie kama unabaki humo ukivuta fimbo. Ila kwa Nairobi fanya asubuhi au jioni, maana saa sita mchana kivuli kinajikusanya miguuni. Mimi hufanyia uwanja wa gofu wa Golf Park, pale Ngong Racecourse.

Ushauri wa kukigandisha kichwa kabisa haukunisaidia: shingo ilikakamaa, mabega yakagoma kugeuka. Annika Sörenstam mwenyewe, yule mwanagofu wa Sweden, alikiacha kichwa kigeuke pamoja na mwili wakati wa kugonga, na alishinda mataji makubwa 10.

Kwa aiani (fimbo za kichwa cha chuma) sasa mpira unatoka safi. Draiva, ile fimbo ndefu ya kupiga mbali, bado, kichwa kinakimbilia mbele kabla fimbo haijafika. Mwenye zoezi la hilo naomba aniambie, nitalijaribu.