Benchi ya ekipe ndogo ya iniversite: nianze kuongeza nani?

Kochi_Katuba

Jambo bandugu na bamama bote ba balo. Niko na swali na ninaomba mwenye anajua kweli anijibu, juu hii mambo inanikamata moyo. Ninafundisha basketi ya wanaume kwenye shule moja ya juu hapa Lubumbashi, shule ndogo, wanafunzi wote ukiwaweka pamoja hawajazi hata oditware tatu. Mwaka huu tunashinda. Vijana wanacheza vizuri mpaka watu wanatokaka komini ya Kenya na ya Kamalondo siku ya posho (Jumamosi) kuja kuwaangalia.

Lakini pa benchi niko mimi na bido ya maji. Mimi njo kochi, mimi njo mwenye kufunga bandeji, mimi njo mwenye kuandika faulo, mimi njo mwenye kupigia mama ya mchezaji simu kama mtoto amechelewa kurudi.

Niwaambie ya finali. Tunaongoza pointi mbili, iko chini ya dakika moja. Taimauti zangu tatu za nusu ya pili, zile za kusimamisha machi kuongea na vijana, nilikuwa nimezichunga zote, nikijiambia hizi njo silaha yangu ya mwisho. Nikatumia ya kwanza, nikatumia ya pili, balo ikatoka nje ikawa yao, nikakimbia mezani kuomba ya tatu, kijana wa meza akatikisa kichwa. Nikaanza kupiga kelele. Refa akakuja polepole akaniambia kochi, nusu ya pili uko na tatu, lakini saa ikishafika dakika mbili za mwisho za kota ya ine hauruhusiwi zaidi ya mbili, ile ingine haukuitumia mbele basi imepotea. Na sheria ile ninaijua! Ninaifundishaka mwenyewe. Ila dakika ile inapotea nilikuwa nimepiga magoti ninaangalia kifundo cha mguu cha mpanga mchezo wangu. Wakarudisha balo ndani, vijana hawakuelewana nani anamkaba nani, tukapigwa balo ya pointi tatu kutoka kona. Pointi moja, imeisha. Nilibaki na kaye mkononi, na ukurasa wa faulo ulikuwa umeishia kota ya pili.

Ninasikiaka kuna koleji ndogo za Marekani, si zile za televisheni, zinashinda miaka na miaka. Kule benchi wanaipanga namna gani? Na kama ninaweza kupata mtu mmoja ao wawili tu, bila mshahara, nianze na nani?

Mtoto_wa_Ruashi

Yaya kochi, pole sana. Mimi niko huku Indiana ninasoma, na miaka miwili nilikuwa mwanafunzi wa kusaidia ekipe ya koleji ndogo ya Division III, ngazi ya tatu ya michezo ya koleji za Marekani, kwa hiyo nitakuambia yenye niliona kwa macho.

Kwanza ujue Division III hawatoaka burse ya michezo, hata moja, mchezaji analipa shule sawa mwanafunzi mwingine ao anapata msaada juu ya alama zake na umaskini wa familia. Kwetu kulikuwa kochi mkubwa, asistanti mmoja wa siku zote, wengine wawili wanakuja mangaribi wakitoka kazini, kisha sisi wanafunzi. Asistanti mwenyewe asubuhi alikuwa na kazi ingine pale pale shuleni. Na kazi yake kubwa haikuwa mbinu, ilikuwa kutafuta wachezaji, kuketi na wazazi mezani na kuwaelezea karatasi za msaada wa shule mstari kwa mstari, juu hauna burse ya kumuahidi mtoto. Yule bwana alikuwa anajua mambo ya minervale, pesa ya shule, kuliko ukabaji wa zoni.

Sasa benchi. Wapinzani waligawanywa: asistanti huyu anabeba machi hii, yule anabeba inayofuata. Mwenye zamu anaangalia video za adui machi tatu ine, anaandika ukurasa mmoja, mmoja tu, na siku ya mbele ya machi njo yeye anasimama katikati ya tereni kuonyesha namna wanachezaka. Kochi mkubwa hakupoteza usiku wake na adui, macho yake yalibaki kwa ekipe yake. Siku ya machi mmoja anaangalia kushambulia, mmoja kukaba, na wa tatu, njo hapa yaya unisikilize, anakaa karibu na kochi na kibao kidogo. Kila filimbi anasema chini chini: "faulo zetu tatu, zao ine, namba nane iko na tatu, taimauti mbili." Basi. Hakuna maneno mengine. Kazi ile niliifanyaka mwenyewe na mara ya kwanza nilitetemeka, lakini kochi aliniambia nisiache kusema hata akinikasirikia.

Jibu langu: anza na mtu wa kibao. Angekuwepo, angekukumbusha mbele ya zile dakika mbili kufika.

Mama_Balo

Mwanangu Katuba, wasikudanganye kwamba benchi ya watu wengi njo mwanzo. Nimeandika karatasi za meza miaka mingi hapa mjini, nimeona benchi zimejaa wanaume wenye survet mupya na hakuna hata mmoja mwenye biki.

Watu wote wanamjua Gregg Popovich, mwenye alikuwa kochi wa San Antonio mpaka 2025, mataji matano ya NBA, ya kwanza 1999 na ya tano 2014. Alitokea wapi? Alitokea Pomona-Pitzer, koleji ndogo za California, Division III ile ile mtoto wa Ruashi anaisema. Alifika 1979, mwaka wa kwanza akashinda machi mbili akapoteza 22, akapigwa mpaka na Caltech, shule ya watu wa fizikia! Aliishi na bibi yake na watoto ndani ya bweni la wanafunzi. Hakuondoka. Mwaka 1986 wakachukua taji la ligi yao, Pomona walikuwa hawajalipata miaka 68. Na angalia hii: Mike Budenholzer mwenye alipeleka Milwaukee kwenye taji la NBA la 2021, naye alicheza pale Pomona, kisha akakaa miaka mingi pembeni ya Popovich kule San Antonio mbele ya kupewa ekipe yake. Brad Stevens vilevile, alicheza DePauw, Division III ya huko Indiana, akaacha kazi yake ya kampuni ya dawa mwaka 2000 akaenda kujitolea iniversite ya Butler, na 2010 na 2011 akaifikisha Butler finali ya iniversite za Marekani mara mbili.

Kwa hiyo asistanti wako unaye tayari, iko kati ya wale wanafunzi. Tafuta yule anayeuliza maswali baada ya mazoezi, mwenye hachezi sana lakini anajua kila mtu asimame wapi. Mpe kazi ya kweli, si kubeba bido. Na usitafute mwanaume tu, wasichana wanaandika vizuri kuliko ninyi, hii ninasema wazi.

Muzee_Kamalondo

Bana yangu, ninyi munakimbilia kibao na video, mimi ninasema mtu wa kwanza ni yule atachunga masomo na miguu. Nilikuwa na ekipe zamani, nilikuwa na watano wa kwanza ambao hapa mjini hakuna aliyependa kukutana nao. Wawili walianguka mitihani, session ya pili pia wakaanguka, wazazi wakakataa kulipa mwaka mwingine, mmoja alichezea kifundo kimevimba wiki tatu juu hakuna aliyemwambia keti, na yule sijamuona tena akiruka vizuri. Ekipe ikafa ndani ya mwaka moja, na mbinu zangu zilikuwa nzuri.

Vipaji tuko navyo. Bismack Biyombo alizaliwa hapa hapa, Oscar Tshiebwe alizaliwa hapa hapa, huyu 2022 akachaguliwa mchezaji bora wa iniversite zote za Marekani akiwa Kentucky. Tereni zetu za simenti zinatoa watoto wenye nguvu, lakini simenti ile ile inavunja miguu, na mvua ikianza mwezi wa 11 inakuwa sabuni. Kochi, shuleni kwenu ao karibu yenu hakuna mwanafunzi wa uuguzi? Muombe. Kifundo kikigeuka, mchezaji anatoka, barafu ndani ya kitambaa, mguu juu, na njo yeye anaamua kama mtoto anarudi, SI WEWE. Wewe unataka kushinda, hauwezi kuwa mwamuzi wa mguu wa mtu.

Mtoto_wa_Ruashi

Muzee uko na haki, na huku pia iko vile, mtu wa matibabu akisema hapana hata kochi mkubwa ananyamaza.

Niongeze tu kitu kimoja juu ya kukaa pamoja. Kuna Northwest Missouri State, hao ni Division II, mji wao Maryville ni mdogo kabisa. Ben McCollum alichezea pale, akasaidia pale kama mwanafunzi wa masta, akarudi kuwa kochi mkubwa 2009, na miaka miwili ya kwanza alipoteza kuliko kushinda. Hawakumfukuza. Akachukua taji la Division II 2017, 2019, 2021 na 2022, na ile ya 2019 machi 38 bila kupoteza hata moja. 2024 akaenda Drake, Division I, akabeba wachezaji wane wa Maryville, watu wakasema hawa ni wa koleji ndogo wataumia. Wakashinda 31, wakapoteza ine, na pa mashindano makubwa wakaitoa iniversite kubwa ya Missouri. Wale vijana walikuwa wanajua kila neno lake tayari.

Na Grinnell ya Iowa, wale wanaobadilisha watano wote kwa mara moja kila sekunde 40 hivi, David Arseneault njo alileta ile namna. Jack Taylor, mwenye alifunga pointi 138 ndani ya machi moja mwaka 2012, alikuwa mchezaji wao. Unafikiri kochi anaweza kuhesabu zile sekunde peke yake? Haiwezekani bila watu wa pembeni. Mtoto wake mwenyewe alikuwa asistanti wake, na kisha njo akarithi ekipe.

Kochi_Katuba

Asanteni sana, Mama, Muzee, na wewe mdogo wangu wa Indiana. Nimesoma yote mara mbili.

Mama aliposema mwenye kuuliza maswali, nilimkumbuka mara moja. Kuna msichana wa mwaka wa pili, anasoma gestion, kila machi anakaa nyuma ya benchi kwenye ukuta na kaye yake, nilifikiri anarudilia masomo. Jana nilimuita nikamuomba anionyeshe. Bamama! Machi saba ndani ya ile kaye: nani alifunga wapi, balo ngapi tulipoteza, na ya finali pia iko, faulo zote mpaka mwisho, na pembeni ameandika "taimauti 3 bado" na duara kubwa, dakika ya saba ya kota ya ine. Alikuwa mita mbili kutoka kwangu.

Nilimuuliza kwa nini haukuniambia. Akasema, papa kochi, haukuniuliza.

Amekubali. Swali lake la kwanza lilikuwa kama faulo ya teknike ya kochi, ile ya kupiga kelele na kubishana, inahesabiwa kwenye faulo za ekipe. Nikamuambia hapana, inaandikwa kwangu mimi, zile za ekipe ni za wachezaji. Akaiandika. Mtu wa uuguzi ninamtafuta wiki hii, Muzee, na ya mguu nimeahidi mbele ya vijana wote kwamba sitasema neno.

Mama_Balo, posho hii tunacheza saa tisa. Ukiweza kuja nusu saa mbele, umuonyeshe namna unapangaka ile karatasi yako.