Mrejesho: Kozi ya Spring Boot kwa timu yetu kazini

Ndugu zangu, niliuliza kama inafaa mwajiri atulipie kozi ya Spring Boot (zana ya kuundia programu kwa lugha ya Java) yenye mkufunzi, au tujisomee wenyewe jioni. Nawashukuru hasa mlionishauri nidai mtaala kabla ya malipo, kwani chuo cha kwanza kilikuwa bado kinafundisha toleo la 2, ilhali toleo la 3, lililotoka Novemba 2022, linadai Java 17 na limehama kutoka javax kwenda jakarta (majina ya vifurushi vya msimbo wa Java), tukakiacha.

Kozi tuliyoichukua kwingine imetufaa zaidi katika miamala ya hifadhidata, yaani hatua kadhaa zinazopaswa kufaulu zote au kutenguliwa zote. Mkufunzi aliandika huduma ya kuhamisha fedha, akaweka katikati yake hitilafu ya aina ya Exception isiyo RuntimeException, na tukaona akaunti ya kwanza imekatwa bila ya pili kuongezewa, kwa sababu Spring, msingi wa Spring Boot, isipoelekezwa vinginevyo, hutengua muamala kwa hitilafu za aina ya RuntimeException na Error tu. Jambo hilo limo kwenye nyaraka rasmi, lakini ni wangapi huzisoma hadi huko?

Usalama ulipitiwa harakaharaka mno, kwa hiyo sehemu hiyo tunajisomea wenyewe. Cheti, hadi sasa, hakuna aliyekiulizia.