Ukoo wa Bibi, Tanga

Zuhura (Birmingham): Shikamooni wakubwa. Leo sindano ya nane ya pumu. Nimejichoma mwenyewe pajani, mkono haukutetemeka.

Mama: Marahaba mwanangu. Na kifua?

Zuhura: Mama, juzi nimepanda ngazi na mifuko ya sokoni bila kusimama. Usiku nalala mto mmoja. Mwaka jana nilikuwa nalala nimeketi.

Mama: Alhamdulillahi. Ule mluzi wa kifua chako nilikuwa nausikia hadi kwenye simu.

Mjomba: Mungu mkubwa. Sasa pampu si utupe? Na vile vidonge vilivyokuvimbisha uso.

Zuhura: Hapana Mjomba. Pampu ya kuzuia uvimbe kifuani iko palepale, asubuhi na usiku. Vile vidonge, prednisoloni, daktari ananipunguzia kidogo kidogo, maana mwili umeizoea, ukiikatisha ghafla ni hatari. Na nikibanwa, sindano hainisaidii saa ile. Nashika pampu ya bluu, ile ya kufungua kifua, ikishindwa ni hospitali.

Rehema: Da Zuhura, inafanyaje kazi? Inauma?

Zuhura: Kama siafu tu. Inaitwa mepolizumabu, miligramu 100 kila wiki 4. Kuna chembe nyeupe za damu, eosinofili. Kwangu zimezidi, zinavimbisha njia za hewa, dawa inazipunguza. Walinipima damu, wakahesabu nimebanwa mara ngapi mwaka mzima. Wakauliza hata minyoo! Chembe hizo ndizo zinazopigana nayo, kwa hiyo mwenye minyoo anatibiwa kwanza.
Naitoa kwenye friji, inakaa mezani nusu saa. Siitikisi, siianiki juani. Naikandamiza pajani: ta! Alama ya njano inashuka kwenye kidirisha, ta! ya pili, nasubiri itulie ndipo naitoa.

Mjomba: Ukija Desemba mletee Juma moja. Jana kabanwa tena.

Zuhura: Mjomba wangu, nisamehe, hilo siwezi. Hajapimwa, na pumu si zote zinafaa sindano hii. Juma anatumia pampu gani?

Mama Juma: Ya bluu tu, wifi. Haimalizi mwezi.

Zuhura: Lo, wifi yangu, hapo ndipo penye shida. Ya bluu inafungua kifua, uvimbe wa ndani inauacha. Tangu 2019 miongozo ya kimataifa ya pumu, GINA, inasema mtu mzima au kijana kama Juma asiachiwe ya bluu peke yake. Mpeleke kliniki, uombe ya kuzuia. Anaivutaje?

Mama Juma: Anapuliza mdomoni. Nyingi inabaki ulimini.

Zuhura: Tafuta chupa ya maji ya nusu lita, kavu na safi. Toboa kitako, tundu likae sawasawa na mdomo wa pampu, pasivuje. Juma aweke midomo kwenye shingo ya chupa, abonyeze mara moja, avute polepole, ashikilie pumzi ahesabu mpaka kumi. Walishaipima Afrika Kusini kwa watoto, inafanya kazi.

Mama: Chupa ninazo hapa, Mama Juma. Mtume mtoto.

Mama Juma: Nimetoboa kwa waya wa moto. Tundu limekuwa kubwa kidogo, nimezungushia plasta.

Zuhura: Vizuri. Ajaribu nione video.

Mama Juma: Amevuta. Anasema safari hii ameisikia inashuka kifuani 😭 Kesho saa moja asubuhi tuko kliniki.

Zuhura: Nipigie mkiwa kwenye foleni. Nitakuwa macho.