Nimeuziwa memori kadi na nati mbili kwa bei ya diski ya 2TB

Wakuu, nina hasira. Atakayeniudhi kwenye uzi huu nitamjibu vilivyo.

Kazi yangu ni kupiga video za harusi, vipaimara, ubarikio, chochote chenye MC na keki. Laptopu ilikuwa imejaa, nikasema ngoja nishuke Kariakoo nitafute diski ya nje. Duka la kwanza wakanitajia laki na sabini kwa 1TB (kama GB elfu moja). Kabla sijamaliza kununa, kijana wa duka la jirani akanishika mkono: "Boss wangu, njoo huku. SSD 2TB, elfu tisini, mzigo umeshuka juzi." SSD ni diski ya chipu, haizunguki, na sifa yake ni kasi.

Kidude cheusi, kina bati, kizito mkononi. Akakichomeka kwenye kompyuta yake nikaona mwenyewe: 1.81TB. Kisha lile swali letu: "Na risiti au bila?" Bila, inapungua elfu tano. Mjinga mimi nikasema bila.

Usiku ule nikahamisha harusi nzima, 180GB. Nilianza saa nne, mwendo 8MB kwa sekunde, na hii eti ni SSD. Mkokoteni wa magunia ungefika mapema. Ikamaliza saa kumi na robo alfajiri bila kulalamika hata mara moja. Asubuhi nikafuta mafaili kwenye laptopu ili nipate nafasi ya kazi ya Jumamosi. (Najua. Nitukaneni baadaye.)

Jumatatu nakaa kuhariri. Majina ya mafaili yapo, tarehe zipo, ukubwa upo. Maharusi wanaingia ukumbini, safi. Keki inakatwa, picha inaanza kuvunjika vipande vya kijani. Baada ya keki hakuna kinachofunguka. Moja baada ya jingine, faili limeharibika, faili limeharibika.

Nikachukua kisu cha jikoni nikakibandua kile kidude. Ndani kuna kibao kidogo cha saketi kama kidole, juu yake kimechomekwa kimemori kadi kama kile cha simu, kimeandikwa 64GB. Pembeni nati mbili za chuma zimegandishwa kwa gundi ya moto. Nati! Ili uzito ukae sawa mkononi mwa mteja. Mtu alikaa mahali akafikiria hilo.

Kwa msiojua wanavyofanya: ile chipu ya kwenye kibao imechezewa iidanganye kompyuta kwamba ina 2TB. Kompyuta haina sababu ya kubisha, inaandika tu. 64GB zikiisha, kinachofuata kinatupwa, au kinaandikwa juu ya kilichotangulia. Orodha ya majina inabaki kwa sababu inakaa mwanzoni, sehemu ambayo ni ya kweli. Kwa hiyo ukikagua kwa macho unaona kila kitu kipo.

Nikarudi dukani. Anajua kabisa ninachosema, sura haikubadilika. "Kaka, si tuliijaribu hapa ukaona imesoma?" Akanionyesha maandishi ukutani: mali ikishauzwa hairudishwi. Tume ya Ushindani wanashughulika na bidhaa bandia, sawa, lakini niende kwao na karatasi gani? Elfu tano zangu hizo.

Sasa sikilizeni ya pili, maana sijamaliza. Nikajikaza, nikaenda duka jingine, nikalipa bei kamili ya 1TB, boksi limefungwa nailoni, jina kubwa la kampuni juu yake. Safari hii nikaenda na laptopu. Nilipofika nje nikafungua CrystalDiskInfo, programu ya bure inayosoma historia ya diski, haichukui hata dakika moja. Saa ilizofanya kazi: 21,000. Gawanya kwa 24 ni siku 875. Diski "mpya" imeshazunguka sawa na zaidi ya miaka miwili bila kuzimwa! Wametoa diski kuukuu mahali, wakaivika ganda jipya na nailoni. Hawa angalau walirudisha hela, kwa sababu nilikuwa bado mlangoni na ninapiga kelele.

Na msinijie na hadithi ya "hata ya kweli haifiki 1TB". Hilo nalijua. Kiwandani 1TB ni baiti trilioni moja, Windows inagawa kwa 1,024 mara tatu, inakuonyesha 931GB. Huo si wizi. Wizi ni nati.

Kuna atakayesema "ungeipima kwa H2testw", na wa Linux watakuja na f3. Sawa, zinafanya kazi: zinajaza diski yote kisha zinasoma upya kuona kama kilichoandikwa ndicho kilichopo. Lakini diski nzima ya 1TB, hata ikienda 100MB kwa sekunde, kuandika na kusoma ni zaidi ya saa tano. Nani ataniachia kiti dukani saa tano? Kwa hiyo nipeni duka linaloandika kwenye risiti ya EFD (ile ya mashine ya kodi) ukubwa na namba ya diski, na linalokubali kuirudisha ndani ya wiki. Nitaongeza hata elfu thelathini. Diski za kuzunguka zinatengenezwa na kampuni tatu tu duniani, Seagate, Western Digital na Toshiba, ganda liandikwe lolote. Atakayeniletea jina la nne namkatalia hapo hapo.

Nimejaribu kufufua yale mafaili kwenye laptopu. Kazi ya Jumamosi imeyakalia juu.

Mama wa bibi harusi amenipigia leo mchana. "Mwanangu, hujambo? Kesho kutwa nakuja kuchukua video. Ile sehemu babu yake anatoa nasaha usiipunguze, tangu siku ile hali yake si nzuri." Nimemwambia shikamoo mama, karibu.

Nasaha zilikuwa baada ya keki.