Ubuntu imepandishwa toleo, programu ya mizani imegoma. Ushauri wakuu

Mdau_Mwaloni
Habari za jioni wakuu. Naangalia kompyuta mbili za ghala la dagaa hapa Mwaloni, Kirumba. Zote zilikuwa na mfumo endeshi wa Ubuntu 20.04. Juzi kijana wa bosi kaipandisha ya mapokezi hadi 22.04, na tangu hapo programu ya mizani haifunguki. Inadai libssl.so.1.1 haipo, yaani laibrari (faili la msimbo ambalo programu huazima) ya usimbaji. Aliyeiandika hapatikani, msimbo wake hatuna. Magunia yanaandikwa kwa kalamu na bosi kila saa "bado tu?" Kuna jamaa anasema nitengeneze kiungo (symlink), yaani jina libssl.so.1.1 lielekee libssl.so.3 iliyopo. Nifanye? Na mashine ya pili niiache?

Fundi_Igoma
Mkuu, achana na hicho kiungo. Libssl inatoka kwenye OpenSSL: 20.04 ina OpenSSL 1.1.1, 22.04 imekuja na 3.0. Namba iliyo mwishoni mwa jina la laibrari haikuwekwa kwa urembo; ikibadilika, ujue programu za zamani haziahidiwi kuelewana nayo. Hata ukiighushi jina, programu yako ndani inaulizia alama (majina ya kazi zilizomo kwenye laibrari) za toleo la OPENSSL_1_1_0, haitazikuta, itagoma vilevile ila kwa maneno mengine.

Chukua libssl.so.1.1 na libcrypto.so.1.1 kutoka mashine ya pili (hizo ni pacha, usilete moja), ziweke /opt/mizani/lib, kisha fungulia programu kwa skripti yenye mstari huu:

LD_LIBRARY_PATH=/opt/mizani/lib exec /opt/mizani/mizani

Uishie humo humo kwenye skripti. Usiuweke kwenye mazingira ya mfumo mzima.

Kijana_Bwiru
Kwani asirudi tu 20.04? Maisha yawe rahisi.

Mama_Seva
Kurudi nyuma ni kufuta na kusimika upya, mdogo wangu, na msaada wa kawaida wa 20.04 uliisha 2025.

Mdau, unapobeba hizo faili usije ukabeba na libc.so.6, laibrari ya msingi ya mfumo. Hiyo inakwenda sambamba na kipakiaji cha mfumo (kinachoziingiza laibrari programu inapoanza). Ukiichanganya, programu inaanguka kabla haijaanza, na ukiikandamiza juu ya ile ya mfumo hata amri ndogo kama ls haitajibu. Halafu libc mpya kwa kawaida inaendesha programu za zamani bila tatizo, kwa hiyo hukuwa na haja nayo. Jingine: OpenSSL 1.1.1 iliacha kupokea marekebisho ya bure Septemba 2023. Kama mizani inaongea na kompyuta za ghalani tu, sawa. Kama inatoka nje kwenye intaneti, mimi nisingelala.

Mdau_Mwaloni
Dada asante, ni ndani tu. Nimefanya alivyosema Fundi. Hailalamikii libssl tena, sasa inalilia laibrari nyingine, libffi.so.7!

Fundi_Igoma
Kipakiaji kinataja ya kwanza iliyokosekana, kinakomea hapo. Piga:

LD_LIBRARY_PATH=/opt/mizani/lib ldd /opt/mizani/mizani | grep "not found"

Utaziona zote kwa mkupuo. 22.04 ina libffi.so.8, nakili ile ya 7 kwenye folda ileile. Orodha ikiwa ndefu acha kuokoteza, weka programu nzima kwenye kontena (kama chumba chake cha pekee ndani ya mashine) ya Ubuntu 20.04. Itabeba laibrari zake zote, kerneli (kiini cha mfumo) tu ndiyo watashirikiana. Usisahau kuipitishia mizani kwa --device=/dev/ttyUSB0 (kama ndiyo njia ya USB ya mizani yako), la sivyo itafunguka vizuri na isisome kilo hata moja.

Mdau_Mwaloni
Ilikuwa hiyo moja tu. Imefunguka, uzito unasoma, risiti inatoka. Bosi kaenda kunywa chai.

Mama_Seva
Hongera. Ya pili usiipandishe kwa haraka. Nakili kwanza diski nzima, jaribu programu kwenye kompyuta nyingine yenye 22.04, ndipo uiguse. Na ifanye kipindi cha mbalamwezi.

Kijana_Bwiru
Mbalamwezi na Ubuntu wapi na wapi?

Mdau_Mwaloni
Mwezi ukiwaka dagaa hawavuliki kwa taa, ghala linabaki tupu. Hapo nitakuwa na siku kadhaa bila wa kunipigia kelele.